Kabla Hujang'oa Kizuia Upepo cha Mbele cha Pikapu Yako

Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili hapa jimboni Maine, Marekani, tukinunua pikapu ya Kimarekani kwa mara ya kwanza, hushangazwa na ule ukingo wa plastiki nyeusi unaoning'inia chini ya bampa, yaani kizuia upepo. Aliyezoea kuona Hilux zinavyoparamia makorongo huko nyumbani hashangai tu, bali hukasirika, maana gari kubwa kiasi hiki linakwaruza chini kwenye maegesho ya duka. Ushauri anaopewa na jirani huwa mmoja: king'oe, ukitupe. Mimi nashauri kifunguliwe inapobidi, lakini kisitupwe wala kisikatwe kwa msumeno.

Kizuia upepo hakikuwekwa kwa urembo. Chini ya pikapu kuna chasi, ekseli, difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli), bomba la moshi na tangi la mafuta, na upepo unaopita huko hugonga kila kimoja na kulishikilia gari lisiende. Ukingo ule huelekeza sehemu kubwa ya upepo huo pembeni. Kwa kuwa ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo, gari linalotoka kilomita 55 kwa saa hadi 110 hukabiliwa na ukinzani mara 4. Ndiyo maana faida yake huioni mjini, ilhali kwenye barabara kuu ya I-95, kutoka Portland hadi Houlton, husaidia kupunguza mafuta yanayotumika. Kazi ya pili, ambayo wengi hawaifahamu, ni kusaidia kupooza injini: nyuma ya ukingo ule kanieneo (mgandamizo) ya hewa hushuka, kwa hiyo hewa inayoingia mbele huvutwa vizuri kupitia rejeta na kutokea chini. Chevrolet, katika vitabu vya mwongozo vya baadhi ya pikapu zake, huruhusu kizuia upepo kifunguliwe kwa safari za njia mbovu, kisha huonya kwamba kuendesha muda mrefu bila hicho huvuruga mtiririko wa hewa kwenye injini.

Kuhusu kimo cha gari kutoka ardhini, usikipime kwa plastiki. Egesha mahali tambarare, piga magoti na futikamba, upime ukingo wa plastiki, chuma cha chini kabisa cha mbele, na tumbo la difu ya nyuma. Mara nyingi difu ndiyo chuma kilicho karibu zaidi na ardhi. Plastiki ikigusa jiwe hupinda na kurudi. Difu ikigusa, umekwama. Kinachopunguzwa na kizuia upepo ni pembe ya kupandia, yaani ile inayoanzia pale tairi la mbele linapokanyaga hadi sehemu ya chini ya pua ya gari, na hiyo ndiyo inayoamua kama utatoka mtaroni bila kukwaruza.

Madhara makubwa hutokea wakati wa kurudi nyuma. Kwenye maegesho kuna vizuizi vya zege vya kusimamisha matairi. Ukiingia, plastiki hujikunja na kupita juu ya kizuizi. Ukirudi rivasi, kizuizi huidaka kwa nyuma na kuivuta hadi masikio yanayoshika skrubu yapasuke. Chungulia pikapu za huku uone: ukingo wa chini umechubuka hadi ukawa mweupe, na skrubu za pembeni zinacheza. Kwa hiyo simamisha gari mapema, tairi likiwa bado mbali na kizuizi. Theluji nayo ni mbaya zaidi, kwa sababu gari la kuisukuma likipita huacha tuta mlangoni pako, na tuta hilo likiganda usiku huwa gumu kama jiwe.

Mimi hukifungua theluji inapoanza, na pia ninapoelekea barabara za magogo za kaskazini kama Golden Road ya upande wa Millinocket, ambako mawe ni mengi na mwendo ni mdogo. Skrubu huzitia kwenye mfuko mdogo na kuufunga kwa tepu kwenye plastiki yenyewe, zisipotee. Majira ya joto hukirudisha, hasa nikikokota trela. Anayekokota mzigo mzito bila hicho na autazame mshale wa joto kila anapopanda mlima.

Sipendekezi kuinua gari kwa sababu hii. Ukiongeza springi, difu ya nyuma hubaki palepale, kwa kuwa imo kwenye ekseli. Kinachoiinua ni tairi kubwa tu. Kama kazi yako ni ya njia mbovu mwaka mzima, tafuta pikapu iliyoundwa hivyo, kama Chevrolet Silverado Trail Boss iliyoinuliwa inchi 2 kiwandani. Kama unachanganya njia mbovu na barabara kuu, ziko Ram 1500 za kuanzia 2019 zenye kizuia upepo kinachojishusha inchi 2.5 gari likifika maili 35 kwa saa na kupanda mwendo ukipungua. Ikiwa imetumika, hakikisha bado kinashuka na kupanda. Na kwa pikapu yoyote iliyotumika, chungulia chini ya bampa kabla ya kulipa: ukikuta matundu ya skrubu matupu, muulize muuzaji kizuia upepo kiko wapi, na upunguziwe bei ya kununua kingine.