Majibu ya Barua Zenu: Simu za Watoto, Vidole vya Wazee

Barua za mwezi huu karibu zote ni za simu. Nyengine nimeziunganisha, maana ni swali lile lile lililobadilishwa kanga tu.

Mwanangu ana miaka 14. Analala saa nane za usiku, alfajiri haamshiki, akiguswa anafoka. Nimempeleka kwa sheikh akasomewa, akalala huko kwa bibi yake siku mbili, akawa mzima. Amerudi nyumbani na yamerudi. Jirani anasema ni jini la kwenye simu. (Mama, Wete)

Dua haina hasara na sheikh sina neno naye. Ila siku mbili zile, simu ilikuwa wapi? Naona hukuandika. Mimi naihisi ilibaki kwako, na mtoto alilala.

Mwenye miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Wako anazima saa nane, wewe unamgongea mlango saa kumi na moja. Hizo ni saa 3. Nilaze mimi hivyo wiki nzima uone kama sitafoka. Mwanga wa kioo unaichelewesha melatonini, homoni inayoleta usingizi, lakini kikubwa zaidi ni kuwa kile anachokitazama hakina mwisho. Zamani ukurasa ulikuwa ukiisha, mtu akibonyeza kwenda wa pili, na hapo ndipo alipopata nafasi ya kusema basi. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja, Aza Raskin, akabuni ukurasa unaoteremka bila kikomo, na baadaye akajuta mwenyewe hadharani. Mwanao anangoja video ziishe ndipo alale. Haziishi.

Chaja ihamie ukumbini. Saa tatu za usiku simu zote za nyumba zilale huko, na ya kwanza kuwekwa iwe yako. Akisema anaitaka kwa ajili ya kuamkia, saa ya kengele inauzwa. Umeme ulipokatika Unguja nzima, Disemba 2009 hadi Machi 2010, nilikuwa nasomesha mjini. Tulilia joto, tulilia maji, lakini watoto walikuwa wakiingia darasani macho makavu kabisa. Siombi urudi kukatika, nasema tu nilichokiona.

Akishalala vizuri mwezi mmoja na bado hataki kula, analia peke yake, hataki wenzake, mpeleke hospitali aonwe na mtu wa afya ya akili. Na usimwambie jirani.

Mtoto apewe simu akiwa na umri gani? (Wengi mno)

Nimelijibu kabla ya Ramadhani, nimelijibu baada ya Idi. Instagram, TikTok na Facebook wenyewe wanasema 13. Australia, tangu tarehe 10 Disemba 2025, inazitaka kampuni hizo zizuie akaunti za walio chini ya miaka 16. Na wewe uliyeniandikia kuwa wako ana miaka 9 na "akaunti ndogo tu": pale palipoulizwa mwaka wa kuzaliwa, nani aliandika?

Nipo kidato cha tatu, Unguja. Rafiki yangu alipiga skrinishoti ya stetasi yangu nikiwa bila mtandio, akaifanya stika yenye maneno machafu, ikaingia kwenye grupu la darasa. Wiki ya pili siendi skuli, nasema tumbo linauma. Nikimwambia mama atanipiga. (Msichana, miaka 16)

Mwanangu, tumbo naamini linauma kweli. Moyo ukibanwa mwili hujibu, kwa tumbo, kwa kichwa, kwa chakula kutopita. Na picha uliwawekea watu wako. Aliyeigeuza ndiye mwenye kosa.

Sisi tulipokuwa tukisimangwa skuli, tukifika nyumbani tulikuwa tumefika. Tulikula, tukatumwa dukani, tukasahau. Wewe matusi yanakufuata mpaka ndani ya chandarua. Kwa hiyo sitakwambia upuuze, kama walivyokwisha kukwambia wengine.

Usijibu kwenye grupu hata neno moja. Usifute. Piga skrinishoti zinazoonesha nambari ya aliyetuma, tarehe na saa, kisha mtafute mtu mzima mmoja umpe azihifadhi. Kama mama unamuogopa, yupo shangazi, yupo bibi, yupo somo wako, yupo mwalimu wa ushauri nasaha. Huyo ndiye atakayemkabili mama, si wewe. Ukiwakosa wote piga 116, ni bure na ni namba ya watoto. Na ikikujia usiku fikra ya kutotaka kuishi, usingoje kukuche. Mwamshe mtu, hata huyo mama.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika na huku visiwani. Kifungu cha 23 kinamhusu anayemtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Polisi muulizie Dawati la Jinsia na Watoto, msiishie kaunta.

Wengine mnauliza kuhusu picha za utupu. Ya aliye chini ya miaka 18 usiihifadhi, usimrushie mtu "kama ushahidi". Iko huduma ya bure ya Marekani, Take It Down: simu inatengeneza alama ya picha, mfano wa alama ya kidole, picha yenyewe haitoki mkononi mwako, na kampuni zilizojiunga zinaitafuta alama hiyo na kuiondoa picha. Kwenye mazungumzo yaliyofungwa kama ya WhatsApp haifiki.

Na WhatsApp ndiko tuliko sisi. Niseme, maana kila mwezi nasema na kila mwezi mnajifanya wageni. Majuzi ilinifikia video ya msichana wa skuli akipigwa na wenzake, na maneno chini: "Tuwalindeni watoto wetu." Uso unaonekana, sare inaonekana, beji inasomeka. Nimeipata kwenye grupu la kikoba, la harusi, la wazazi wa madrasa na la ukoo, na yote manne ni mtu yule yule, bibi mzima mwenye wajukuu. Ilikuwa na ile mishale miwili, alama ya ujumbe uliokwisha kurushwa mara nyingi. Ujumbe wa mishale miwili, tangu 2020, WhatsApp haikuruhusu kuutuma ila sehemu moja kwa wakati. Maana yake bibi huyu alikaa kitako akairudia kazi hiyo mara nne. Watoto walipiga ile video mara moja.

Naomba jina la programu ya kusoma meseji za binti yangu bila yeye kujua. (Baba, Fuoni)

Sikupi.

Skulini kwetu tunazikamata simu, tunachapa, bado zinaingia. Siku hizi wanatukabidhi kitochi kibovu, ya tachi imo kwenye soksi. (Mwalimu, Chake Chake)

Fimbo imewafundisha kuficha, na wanafunzi wazuri hao. Wekeni sanduku lenye kufuli na orodha, kila simu irudi saa ya kutoka bila ya mtu kuipekua. Na walimu mtie zenu. Nimekaa ofisi za walimu miaka mingi, najua nani hasikii kengele kwa sababu ya nini.

Nimechuma karafuu msimu mzima, nimenunua simu kwa pesa yangu. Ami anasema simu inaozesha ubongo, ameifungia kabatini. Ni kweli kitaalamu? (Kijana, miaka 17, Konde)

Hauozi. Ila ubongo wako bado unajengwa mpaka upite miaka 20, na sehemu ya mbele, ile ya kusema inatosha, ndiyo inayokamilika mwisho.

Wataalamu wenyewe wanabishana. Mei 2023 Vivek Murthy, aliyekuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alionya kuwa vijana wanaozidisha saa 3 kwa siku kwenye mitandao ya kijamii wana hatari mara mbili ya kupata dalili za unyonge na wasiwasi. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford walipima takwimu za vijana wengi, wakaona vifaa vya kidijitali vinaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za hali zao za moyo, yaani kidogo sana. Ugomvi ni huu: mtandao unamtia mtu unyonge, au aliye mnyonge ndiye anayekimbilia mtandaoni? Mimi nimewaona wa aina zote mbili, darasa moja.

Pesa ni yako, nyumba ni ya ami. Nenda na mzee wa kukusemea, umwambie ami usiku simu italala wapi na bando utanunua la kiasi gani kwa wiki. Na mimi nikuulize: siku za kuchuma, skuli ulikwenda? Hilo umelipita haraka.

Bibi yangu ana miaka 71, anakesha TikTok, sauti juu. Nyumba nzima hatulali. (Mjukuu, Jang'ombe)

Mpelekee maji ya kunywa, ukae naye utazame mbili tatu. Kisha muoneshe sauti inapunguziwa wapi. Pengine hajui, na hakuna aliyemuuliza.