Kabla Hujaimwagia Katuni Damu: Kwa Wahariri Wanaoanza

Wadogo zangu, mmenitumia trela nyingi wiki hizi, kila moja ikiwa imechukua katuni ya familia na kuigeuza filamu ya kutisha, nami nimezitazama zote hadi mwisho kwa sababu nawapenda na kwa sababu nazijua zile saa za usiku mnazokesha mbele ya kompyuta. Hata hivyo, karibu zote zina kosa lile lile: macho ya sungura yamepakwa wekundu, skrini inatetemeka, ukelele unasikika kila baada ya sekunde tatu, na mtazamaji hashtuki hata mara moja, kwa kuwa anaona wazi kwamba hofu hiyo imebandikwa juu juu. Nilipoanza nilifanya vivyo hivyo, nikaonywa, nikaziba masikio. Safari hii naomba mnisikilize.

1. Hofu imo ndani ya katuni yenyewe. Katika Bambi ya mwaka 1942 mwindaji haonekani kamwe. Tunasikia mlio wa bunduki, theluji inaanguka, mtoto anamwita mama yake. Katika Pinocchio ya mwaka 1940 wavulana watukutu wanageuzwa punda, na sehemu ya mageuko ya Lampwick, mmoja wa wavulana hao, tunaiona kama kivuli tu ukutani, huku naye akimlilia mama. Hakuna tone la damu mahali popote. Katuni ya familia humtisha mtoto kwa makusudi, kisha humrudishia faraja kwa wimbo, kwa kumbatio au kwa mapambazuko. Basi sisi hatuongezi kitisho, tunaiondoa faraja, yaani tunakata fremu chache (zile picha moja moja zinazounda filamu) kabla kumbatio halijafika. (Wale wavulana waliogeuzwa punda, filamu yenyewe haiwarudii tena hadi mwisho. Kila nikiitazama hilo huniuma, na kwa mhariri ni hazina.)

2. Acheni kuuchezea uso; badilisheni kinachotazamwa na uso huo. Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi, alionyesha zamani, enzi za filamu zisizo na sauti, kwamba uso ule ule wa mwigizaji husomwa kuwa na njaa ukiwekwa pamoja na sahani ya supu, na kuwa na majonzi ukiwekwa pamoja na jeneza. Niliwahi kuwa na klipu ya bibi mwema anayetabasamu dirishani, nikaiweka mara tu baada ya picha ya kitanda kitupu cha mtoto, na sikuhitaji kugusa hata pikseli moja. Rafiki aliyekuwa ameketi nami aliinuka akawasha taa.

3. Kama nakala yenu ina sauti ya chaneli sita (njia sita za sauti, kila moja na spika yake), mazungumzo kwa kawaida hukaa katika chaneli ya katikati, hivyo yachukueni hapo bila muziki, na chini yake mtandaze mvumo hafifu wa chumba ili kimya kisisikike kama shimo.

4. Msipunguze kasi ovyo. Katuni nyingi za kuchorwa kwa mkono hutumia mchoro mmoja kwa fremu mbili, yaani michoro 12 katika sekunde ya fremu 24. Ukipunguza kasi kwa nusu, kila mchoro utaganda kwa fremu nne na mwendo utaonekana kuruka. Kuisogelea picha polepole hutisha zaidi.

5. Wahusika wa kitabu cha Winnie-the-Pooh cha mwaka 1926 waliingia katika mali ya umma nchini Marekani, yaani hakimiliki yao iliisha, tarehe 1 Januari 2022, ndipo ikawezekana filamu ya kutisha ya mwaka 2023 kutengenezwa, lakini fulana nyekundu ya filamu za Disney haikuwamo, kwa hiyo kagueni ni toleo lipi mnalolikata.

6. Picha ya jalada, ile inayoonekana kabla video haijafunguliwa. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu nimeona watatu kati yenu mkifanya nilichokifanya mimi. Trela yangu ya tatu ilikuwa ya kwanza niliyoitengeneza kwa ustadi. Katuni yenyewe si Bambi, ni nyingine ambamo mama hurudi; nilikata mahali mtoto anapomwita mama, nikaacha giza, na mama hakurudi. Nilitaka mtazamaji adanganyike kabisa, kwa hiyo niliacha bango la filamu halisi na rangi zake zote angavu, nikaacha jina lake bila kuongeza neno, na mwanzoni sikuweka onyo lolote. Mpwa wangu alikuwa na miaka mitano, na filamu halisi alikuwa bado hajaiona. Aliifungua mwenyewe katika simu ya mama yake.

Kwa wiki mbili alilala akiwa ameshika kanga ya dada yangu. Dada hakunigombeza, aliniambia tu, “Anauliza mama wa yule mtoto alirudi lini.” Nami, kwa aibu ninayoikumbuka hadi leo, nilimjibu kwamba ni mzaha na kwamba kila mtu anajua mama anarudi. Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe ndipo nilipoelewa. Mtu mzima anapoitazama kazi yetu, nusu ya mwigo, yaani mzaha wa kuigeuza kazi inayojulikana, anayo tayari kichwani: lile kumbatio tulilolikata analikumbuka, na ndiyo maana anaweza kutetemeka na kucheka papo hapo. Mpwa wangu hakuwa na nusu hiyo, kwa hiyo kwake haukuwa mwigo hata kidogo. Mwaka 2017, watu walipokasirishwa na wimbi la video za kutisha zilizovishwa sura za katuni za watoto, niliitazama tena trela yangu nikaona imevaa vazi lile lile, ingawa sikuwa na nia ile.

Niliifuta, kisha nikaenda kwa dada na filamu halisi. Mpwa wangu alikaa pajani mwangu, na tulipofika mahali pale nilipokata alijifunika uso kwa viganja. Nilimwambia asikilize tu. Aliposikia sauti ya mama alifungua kidole kimoja, kisha viganja vyote viwili, na akaniomba turudie sehemu hiyo mara tatu.

Tangu hapo jalada langu hutoka katika picha niliyokwisha kuitia giza, jina hubeba neno “kutisha”, na sekunde tano za kwanza ni maandishi meupe juu ya weusi. Wale watatu mnajijua. Badilisheni majalada yenu usiku huu, kisha mnitumie upya.