Hisaishi au Uematsu? Mimi niliwapimia ukumbini

Mleta mada umeuliza nani mkali zaidi kati ya Joe Hisaishi, mtunzi wa muziki wa filamu za katuni za mwongozaji Mjapani Miyazaki, na Nobuo Uematsu wa zile gemu za Final Fantasy, na mdau wa juu hapo keshafunga kesi: Hisaishi ni mtunzi, Uematsu ni wa vingora vya gemu. Taratibu, mkuu. Mimi hawa wote wawili nimewapiga kwa vidole vyangu mbele ya watu waliovaa suti, na mmoja wao nusura anikoseshe hela ya kazi. Wala si huyo unayemdharau.

Napiga kinanda kwenye harusi hapa Morogoro. Miaka kadhaa nyuma bibi harusi mmoja, mpenzi wa katuni za Kijapani, aliomba aingie ukumbini na ule muziki wa Hisaishi wa Howl's Moving Castle, filamu ya Miyazaki ya 2004. Unaitwa Merry-Go-Round of Life. Nikakaa nao wiki mbili. Unaanza kinanda peke yake, polepole, kama mtu anayepapasa swichi gizani. Halafu unashika mwendo wa mapigo matatu, unapanda, unapanda, mpaka vinyweleo vinasimama, kisha unafunga. Mtamu kwelikweli.

Siku yenyewe MC akaita, mlango ukafunguliwa, nikaanza. Bibi harusi hatua mbili tu, mpiga picha akamrudisha mlangoni. Mashangazi wakaingia kati na vigelegele, wanatandika khanga apite juu yake. Wapambe nao walikuwa wamefanya mazoezi ya hatua nne, mimi huku napiga tatu, basi kila raundi kuna mguu unabaki hewani. Wimbo ukafika kileleni bibi harusi hajavuka hata meza ya tatu. Ukaisha. Ukumbi kimya, unasikia feni. Nikarudi mwanzo, kulekule kwa kupapasa swichi, na shamrashamra yote ikapoa. MC alivyoniangalia siku ile, acha tu.

Kosa langu, si la Hisaishi. Muziki wake unajua unakwenda wapi na utafika saa ngapi. Mtunzi wa filamu anafanya kazi na picha yenye urefu wake: hapa mtu anapanda ngazi, hapa anageuka, hapa tukio limekwisha. Tena Hisaishi na Miyazaki wana mtindo wao tangu filamu ya Nausicaä ya 1984. Kwanza anatoa albamu ya mawazo matupu, kutokana na michoro na maelezo ya mwongozaji, wakati filamu bado iko jikoni. Muziki wenyewe wa filamu unakuja baadaye, ukiwa umeshazoeana na hadithi. Ukiung'oa pale ukaupeleka kwenye harusi ya Kiswahili ambayo haina dakika maalumu ya kitu chochote, lazima uaibike.

Uematsu yeye anamtungia mtu asiyemjua, ambaye huenda amemwacha mhusika wake kasimama kijijini akaenda kula. Atarudi baada ya dakika mbili au arobaini. Wimbo unatakiwa uzunguke muda wote huo, mkia ung'ate kichwa, na wewe usisikie kiungo kilipo. Harusi iliyofuata nikajaribu Aerith's Theme, wimbo wa dada mmoja wa kwenye Final Fantasy VII, 1997. Nikaupiga mfululizo tangu mlangoni mpaka meza kuu, nimerudi mwanzo sijui mara ngapi, na hakuna aliyeshtuka. Isipokuwa kijana mmoja wa upande wa bwana harusi, akaja kuninong'oneza: "Kaka, unajua huyo dada kwenye gemu anauawa?"

Nilikuwa najua. Ndiyo sababu ninaupenda. Aerith anachomwa upanga, wimbo unaanza, halafu unaingizwa moja kwa moja kwenye pambano. Kila pambano la namna ile lina muziki wake wa vurugu, ila pale Uematsu na wenzake wameuacha huuhuu wa maombolezo uendelee. Unabonyeza kushambulia huku unasikiliza msiba. Ukiwa mzito wa mkono, msiba unarudia tena. Kwenye filamu mwongozaji ndiye anayeamua ulie kwa muda gani. Hapa ni vidole vyako.

Sasa hili la vingora. Wengi wetu tuliokua na zile mashine za TV gemu za kuiga Famicom ya Nintendo, zenye kaseti iliyoandikwa gemu mia kumbe ni nane zinajirudia, tulimjua Koji Kondo kabla ya kujua jina lake. Ndiye mtunzi wa Super Mario Bros., 1985. Ile mashine ilikuwa na sauti mbili za kubeba wimbo, moja ya besi, na moja ya mchakacho wa kuigiza ngoma. Basi. (Ilikuwa na njia ya tano ya sauti zilizorekodiwa, ila Mario haitumii.) Mario akiruka, mlio wa kuruka unainyang'anya muziki sauti moja kwa nukta, na wimbo bado unasimama. Muda ukibaki kidogo, wimbo uleule unakimbia na jasho linakutoka. Mama yangu alikuwa akishona sebuleni wakati sisi tunacheza. Hajawahi kushika ile rimoti hata siku moja, na mpaka leo akiwa anachambua mchele huwa anauimba bila kujua. Katika nyimbo za nyumba nzima kusikia mara elfu bila mtu kusema zima hiyo kelele, taja nyingine.

Uematsu naye alianzia kwenye mashine hiyohiyo, Final Fantasy ya kwanza, 1987. Kufika ya sita, 1994, ana sauti nane kwenye mashine mpya zaidi, na akaweka opera ndani yake: mashine haiwezi kutamka maneno, ikamwimbia binti kwa mlio unaofanana na koo la mtu huku maneno yanapita kwenye skrini. Aliyecheza anaelewa.

Kama hoja yako ni shule, ni kweli Hisaishi alisomea muziki chuoni na Uematsu hakusomea. Lakini Toru Takemitsu, mtunzi mwingine wa Kijapani, naye kwa sehemu kubwa alijifundisha mwenyewe, na kwenye filamu mimi namweka juu ya hawa wote. Tafuta Ran, filamu ya mwongozaji Kurosawa, 1985, pale ngome inapoteketea. Farasi, mishale, moto, na hakuna mlio wowote isipokuwa okestra inayoomboleza, mpaka mlio wa bunduki moja unaporudisha kelele zote za dunia.

Hisaishi anapomshinda Uematsu kwangu ni kwenye kunyamaza. Laputa, filamu ya Miyazaki ya 1986, ina takriban saa moja tu ya muziki ndani ya saa mbili na ushee, mpaka toleo la Kiingereza la Disney lilipokuja akaombwa aongeze. Mimi toleo la mwanzo halina mpinzani. Na safari ya treni juu ya maji kwenye Spirited Away, filamu nyingine ya Miyazaki, noti za kinanda zinadondoka mojamoja kama mtu anayehesabu sarafu za mwisho. Gemu za enzi zile zikinyamaza namna hiyo unachomoa kaseti unaipuliza.

Ila Hisaishi huyohuyo alipoingia kwenye gemu, Ni no Kuni, nilicheza kwa mpwa wangu. Saa ya kwanza nilitaka kulia kwa uzuri. Baada ya mapambano kama hamsini, ile okestra nzima ikianza tena kwa kishindo kilekile, nikapunguza sauti. Uematsu sijawahi kumpunguza.

Kwa hiyo mimi sina mshindi, nina matumizi. Merry-Go-Round siku hizi napiga harusini tena, ila nimeikata: naanzia katikati penye mwendo wa tatu, nazungusha hapohapo, na wapambe nawaambia mapema wabadilishe hatua. Ule mwisho nauweka akiba mpaka nione bibi harusi ameshika kiti. Mleta mada, kama una kinanda na unataka kuanza, anza na Summer ya Hisaishi, ya filamu ya Kikujiro, ni rahisi kuliko inavyosikika. To Zanarkand ya Uematsu, ya Final Fantasy X, iache kwanza, mkono wa kushoto utakutesa.