Redio usiziache, akaunti za watu usizifungue

Mdogo wangu wa Kirumba, umeuliza mawili: ufanyeje na tundu uliloliona kwenye mfumo wa SACCOS yenu, na kama uache kutengeneza redio ili ujikite kwenye usalama wa kompyuta.

La kwanza haliwezi kusubiri. Kama kubadili namba mwishoni mwa anwani ya ukurasa kumekuonyesha salio la mtu mwingine, ushahidi umetosha; usijaribu namba nyingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kuingia bila ruhusa, hata kama hukuchukua kitu. Andika saa na hatua ulizopitia, ficha majina kwenye picha, mpelekee meneja kwa maandishi. Akikaa kimya, wapo TZ-CERT, kikosi cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mazoezi fanyia Juice Shop, programu ya OWASP, jumuiya ya usalama wa programu, iliyotobolewa makusudi, ndani ya kompyuta yako mwenyewe.

Redio usiziache hata kidogo! Mkono unaojua kulehemu ni mali katika kazi hii. Tafuta ruta kuukuu, uifungue: mara nyingi utakuta vitundu vitatu au vinne vimejipanga kwenye bodi; mara nyingi ni UART, njia ambayo ruta hutumia kutuma maandishi kwa kompyuta. Pima kwa mita ujue volti, maana nyingi ni 3.3, kisha lehemu nyaya, unganisha na kompyuta kwa adapta ya USB kwenda UART (si ile ya umeme) ya volti hiyohiyo, uwashe. Utasoma ruta inavyojieleza mstari kwa mstari inapoamka. Anzia hapo kuichunguza.