Kusoma unaweza, kusikia kunakushinda: anza na mazungumzo ya kila siku

Dada, swali lako nimelisoma vizuri. Wewe ni muuguzi Kisumu, umefanya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wenye alama hadi 9, kwenye kusoma ukapata 7.5 lakini kwenye kusikiliza ukaishia 6, na Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza linadai 7. Unauliza mambo mawili: kama usikilize taarifa za habari kila asubuhi mpaka masikio yazoee, na kama ulipie darasa la kujiandaa.

Mimi si mwalimu. Nafanya kazi ya mapokezi na simu katika nyumba ya wageni hapa Nakuru, na wengi wanaopiga ni watu wanaotaka kulala karibu na mbuga ya Ziwa Nakuru: Waingereza, Wamarekani, Waaustralia, Wahindi. Mgeni akitaja tarehe nami nikaandika nyingine, kuna mtu atafika usiku na mizigo yake akose kitanda. Kwa hiyo haya ninayokwambia nimeyajaribu mahali ambapo kusikia vibaya kuna gharama.

Habari ziweke kando kwanza. Msomaji wa habari anasoma maandishi yaliyopangwa, na maneno anayatamka wazi kuliko mtu anayeongea na mwenzake. Huko ni kusoma kwa sauti, na kusoma wewe tayari unajua. Vivyo hivyo na vile vipindi vya polepole vya Sauti ya Amerika vilivyoanza mwaka 1959, vyenye msamiati wa maneno kama 1,500. Vinafaa sana kwa anayejenga msamiati, lakini mtu akizungumza taratibu namna ile hamezi maneno, na kinachokuangusha wewe ni hayo yanayomezwa.

Ngoja nieleze ninavyolielewa tatizo lenyewe, maana ukilijua chanzo chake utaacha kujilaumu. Sisi tumekulia kwenye lugha zinazoipa kila silabi haki yake. Kiswahili kinakwenda hivyo, na Kiingereza chetu cha Kenya tumekitia mwendo huo huo. Ndiyo maana mbunge akihojiwa kwenye runinga unamwelewa mwanzo hadi mwisho. Halafu shuleni hatukufundishwa kusikia. Kumbuka karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari: alama 60, na 30 kati yake ni za stadi za mazungumzo, lakini zote zinajibiwa kwa kalamu. Unaandika herufi gani haitamkwi, unaandika neno gani linafanana na lipi kwa sauti, na hakuna kanda inayochezwa. Mtu anaweza kupata A bila kuwahi kupimwa masikio hata dakika moja. Jambo hili linaniuma kweli, kwa sababu watoto wetu wanatoka wakijua sheria za matamshi ambayo hawajawahi kuyasikia.

Mwingereza au Mmarekani anapoongea na mwenzake, silabi chache zenye uzito wa maana anazikazia, na zilizobaki anazibana katikati. Ni kama matatu ya jioni inayotoka mjini kwenda Kaptembwa: maneno mazito yamekaa kwenye viti, na hayo madogo, "to", "of", "do", "have", "him", yamening'inia mlangoni. Wewe unasubiri kila neno lije na kiti chake, na haliji. "What do you want to do" inakufikia kama "wodyuwonadu". "Would you like" inakuwa "wujulaik". "Tell him" inakuwa "telim", ile h imekwenda zake. "Is he in?" inakuwa "iziyin". Ungeandikiwa maneno hayo kwenye karatasi ungecheka kwa urahisi wake. Ukiambiwa kwa simu, unabaki unauliza ni lugha gani.

Mfano ambao ningeomba uukariri kabla ya yote ni "can" na "can't". Sisi "can" tunaitamka wazi, "ken", popote ilipo. Wao, ikiwa katikati ya sentensi, wanaiminya hadi inabaki "kn": "I kn come on Friday", na mkazo unakwenda kwenye "come". Sasa kwenye "can't", Mmarekani mara nyingi ile t ya mwisho anaikata kooni, haisikiki, lakini irabu anaiacha nzima na mkazo anauweka hapo hapo. Kwa hiyo ile "ken" iliyo wazi, ambayo sikio la Mkenya linaidaka na kufurahia kwamba mgeni anaweza kuja, mara nyingi ndiyo inayosema hawezi. Maana imegeuka kabisa! Usiitafute t. Sikiliza irabu: ikiwa imemezwa, anaweza, ikiwa nene na imekaziwa, uliza tena, huenda hawezi. Mwingereza wa kusini anakurahisishia kidogo kwa sababu "can't" yake ina a ndefu. Nilipolielewa hili peke yake, simu zilibadilika, na ndipo nilipoamini kwamba shida yangu haikuwa msamiati.

Basi zoezi lenyewe. Tafuta mazungumzo mafupi ya watu wawili, dakika moja hivi au mbili, yenye maandishi yake. Mada iwe ya kawaida kabisa: mtu ananunua tiketi, anapanga miadi ya daktari, anauliza chumba cha kupanga, anamweleza jirani kwamba bomba linavuja. BBC Learning English wana mengi ya bure pamoja na maandishi, na kipindi chao cha dakika sita kina watangazaji wawili wanaojibizana. Mazoezi ya sehemu ya kwanza ya kusikiliza ya IELTS pia ni mali safi, kwa kuwa sehemu hiyo ni mazungumzo ya aina hiyo hiyo. Pakua sauti ukiwa penye waifai, maana sauti tupu haili bando kama video, kisha uwe nayo kwenye simu.

Mara ya kwanza sikiliza bila kalamu. Jiulize tu: hawa ni nani kwa nani, wako wapi, nani anataka nini? Usikimbilie neno lililokupita, liache liende. Wengi tunapotelea hapo: neno moja likitupita tunaganda kulifikiria, na sentensi mbili zinazofuata zinapita hewani.

Mara ya pili ndipo kazi ilipo. Chukua sentensi moja, simamisha, andika ulichosikia, hata kama ni matope. Ikiwa umesikia "shudanav", andika "shudanav". Rudia sentensi ile mpaka ufike mwisho wa uwezo wako, kisha, na si kabla ya hapo, fungua maandishi. Utakuta "shouldn't have". Weka duara pale ulipokosea na ujiulize sababu: ni neno ambalo hulijui, au unalijua ila limevaa sauti nyingine? Mimi nilipoanza kufanya imla hii niligundua kwamba maneno nisiyoyajua yalikuwa machache sana. Karibu yote niliyoyakosa yalikuwa maneno ya darasa la nne.

Baada ya kusahihisha, sikiliza tena ukifuata maandishi kwa kidole, halafu yafunike usikilize mara nyingine. Mwishowe ongea pamoja na sauti, kwa kasi yake, ukimeza wanapomeza. Watu wengi wanaruka hatua hii kwa aibu, wanaona ni kuiga Wazungu. Hakuna anayekutaka uongee hivyo wodini. Sababu ni kwamba mdomo ukishatamka "wujulaik" sikio halihangaiki nayo tena. Kesho yake rudia mazungumzo yale yale kabla ya kufungua mapya. Mazungumzo machache yaliyochimbwa namna hii yanakufaa kuliko saa nyingi za filamu zenye maandishi chini ya picha, ambazo kwa kweli unazisoma.

Kuhusu kupunguza kasi: programu nyingi za simu zinaruhusu. Itumie mwishoni tu, baada ya kujaribu kwa kasi ya kawaida na kushindwa, na ukishasikia rudi mara moja kwenye kasi yake. Ukizoea mwendo wa konokono, mtihani hautakusubiri.

Sasa, mazungumzo ya kila siku yana faida moja ambayo hotuba haina: yanatabirika. Anayepiga simu kuweka nafasi atataja jina, tarehe, idadi ya watu, bei na saa ya kufika. Kabla hajafungua mdomo mimi ninajua mapengo yangu ni yapi, na sikio linakuwa limeshakaa mkao wa kupokea tarakimu au jina. Kwenye IELTS unapewa muda kidogo wa kutazama maswali kabla ya sauti kuanza, na sauti yenyewe inachezwa mara moja tu. Muda huo usiutumie kusoma maelekezo unayoyajua. Tazama kila pengo useme moyoni: hapa ni namba, hapa ni siku, hapa ni jina la barabara. Maswali ni 40, na 7 inahitaji karibu 30 sahihi, kwa hiyo maswali 10 ya sehemu hii ya mwanzo hayafai kupotea.

Namba ndizo zinazopoteza wengi. "Fifteen" mkazo wake unaelekea mwisho na ile n inasikika. "Fifty" mkazo uko mwanzo na mwisho wake ni mfupi. Sisi hutamka zote mbili kwa uzito sawa, ndiyo maana zinatuchanganya zikitoka kwa mwingine. Mwingereza akitaja namba ya simu, sifuri huiita "oh", na tarakimu mbili zinazofanana huziita "double". Akisema "half seven" ni 7:30, saa moja na nusu yetu, wala si 6:30. Majina yakitajwa herufi kwa herufi, jihadhari na a, e na i. Ukimsikia Mwingereza akitoa sauti ya "i" mkono unataka kuandika "i" ya Kiswahili, kumbe ametaja e. Hilo ni la kufanyia mazoezi na mwenzako: mmoja ataje majina ya ukoo ya Kiingereza kwa herufi, mwingine aandike, kisha mbadilishane. Mnaweza kulifanya mkiwa kwenye chai ya saa nne.

Watu halisi nao? Uko Kisumu, wageni hawakosekani, iwe ni Dunga ufukweni au jumba la makumbusho, na kanisani huwa wanapita. Usimvamie mtu kwa ajili ya mazoezi yako. Muulize jambo dogo la kweli, kisha msikilize. Na hapo jifunze kuuliza tena kwa namna inayofaa. Ukisema "Sorry?" tu, atarudia yote kwa kasi ile ile. Mrudishie ulichokipata, uombe kilichokosekana: "You're arriving on Tuesday, at what time?" Nami kwenye simu sikati kabla sijamsomea mgeni kila kitu alichosema. Kwenye mtihani hutapata nafasi hiyo, lakini ukifika wodini huko Uingereza utaihitaji kila siku, na kwa mgonjwa ni usalama wake.

Na kwa kuwa lengo lako ni wodi, zoea na maneno yao ya nyumbani. Mwingereza akisema "I've been sick" mara nyingi anamaanisha ametapika, wala si kwamba ameugua tu. "Poorly" ni kutojisikia vizuri. "The loo" ni choo, na mzee anaweza kukwambia anataka "to spend a penny", naye anaomba kupelekwa huko huko. Lafudhi za Glasgow au Liverpool zitakusumbua mwanzoni hata ukipata 9, hilo lisikutie hofu. Ziguse baada ya kuimudu ya kawaida, moja baada ya nyingine. Pia uliza kuhusu OET, mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya ambao baraza hilo linaukubali. Sehemu yake ya kusikiliza inaanza na mazungumzo ya mhudumu na mgonjwa, jambo ambalo wewe unalifanya kila siku.

Kuhusu darasa: usilipe kabla hujakaa humo kipindi kimoja. Angalia mwalimu anafanya nini sauti ikiisha. Akisoma majibu, akahesabu alama, akafungua jaribio jingine, hapo unapimwa tu, na kupimwa tayari ulishapimwa. Akirudisha sauti kwenye sentensi iliyowashinda, akaikata vipande na kuwaonyesha nini kimemezwa wapi, lipia hata kwa awamu. Usipompata wa namna hiyo, chukua wauguzi wenzako wawili wenye lengo kama lako, simu moja na daftari, mkae mahali patulivu, hata maktaba ya umma hapo Kisumu kama mtatumia vya kuweka masikioni. Kila mtu aandike imla yake kivyake, kisha mtoke nje mlinganishe. Utashangaa alichokikosa mmoja mwenzake amekisikia, na anaweza kukueleza alivyokisikia kwa maneno yenu wenyewe.