Ukiingia mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta

Wadogo zangu mnaoripoti Kijitonyama (kampasi ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), Dodoma au chuo kingine chochote, najua wengi mnakuja na hamu ya kutengeneza programu za simu. Si vibaya. Ila kabla boom la kwanza, ile hela ya kujikimu ya mkopo, halijaishia kwenye laptopu ya kuchezea gemu, sikieni kazi yenyewe ilivyo huku mtaani.

Chukua LUKU. Mama ananunua umeme kwa simu usiku, hela inakatwa, tokeni ya tarakimu 20 haiji. Kati ya simu yake na TANESCO kuna mifumo kadhaa inayopokezana ujumbe, na mahali fulani mtandao umekatika. Je, ombi halikufika, au lilifika ila jibu ndilo lililopotea njiani? Kwa mfumo uliotuma, hali hizo mbili zinafanana kabisa. Ukituma upya huenda ukamkata mama hela mara mbili. Usipotuma, analala giza. Dawa yake ni ya siku nyingi: kila muamala upewe namba yake ya pekee kabla haujaondoka, na mfumo wa upande wa pili uitunze. Ombi lilelile likirudi, unatoa jibu la mwanzo bila kukata hela upya. Na kanzidata, yaani ghala la taarifa za mfumo, nayo ihakikishe kwamba kupunguza salio na kuandika muamala vinafanyika vyote viwili, la sivyo kisifanyike hata kimoja.

Hayo yamo kwenye masomo ambayo mtaambiwa ni ya kupita tu: kanzidata, mitandao ya kompyuta, mifumo endeshi, miundo ya data. Madesa yenye majibu ya miaka iliyopita mtayakuta WhatsApp, na kweli yanavusha watu kwenye mtihani. Kwenye usaili wa benki hayafui dafu. Anayekuhoji hana haja na maana uliyokariri, anataka umweleze hela za mteja zitakuwa wapi seva ikizimika katikati ya kuandika. Siku hizi akili mnemba itakuandikia programu nzima ukiwa unakunywa chai, lakini kama hukujua kwamba jibu linaweza kupotea njiani, hutajua hata cha kuiuliza.

Hisabati msiikimbie. Mantiki na seti huonekana mchezo wiki za mwanzo, halafu ndizo zinazowapa watu sapu (mtihani wa marudio), wengine hadi disko (kuondolewa chuoni).

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, nayo ina mtego wake. Ofisi yenye jina kubwa inaweza kukuweka miezi miwili ukibadilisha wino wa printa. Uliza mapema utakaa na nani na utaruhusiwa kugusa nini. Kampuni ndogo yenye watu wachache na wateja wanaolalamika kila siku itakufundisha zaidi, hata kama nauli ni juu yako.

Ajira ni pana kuliko mnavyodhani. Serikalini nafasi za Afisa TEHAMA hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na usaili wake una mchujo wa kuandika, kwa hiyo nadharia mnayoidharau itawadai huko. Benki na kampuni za simu zinahitaji wasimamizi wa kanzidata na watu wa usalama wa mifumo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, anayeelewa mfumo na sheria kwa pamoja ana pa kubisha hodi. Halafu kuna afya, ambako wanafunzi wachache hutupia jicho. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, unatumika hapa Tanzania na nchi nyingine nyingi, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamo katika kuuendeleza. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, sehemu ya seva imeandikwa kwa lugha ya programu ya Java. Usome bure, hakuna mhadhiri atakayekupa mfano mkubwa kama huo.

Mradi wa mwaka wa mwisho? Mifumo ya kusajili wanafunzi imetosha, jamani. Tafuta tatizo ambalo mwenye nalo unaweza kumfikia kwa daladala, mwenye duka la jumla Kariakoo kwa mfano, anayeandika madeni kwenye daftari. Kabla hujafungua kompyuta, mwombe akuoneshe hilo daftari, na umuulize anafanyaje mteja anapolipa nusu.