Land Rover 109 iliyolala miaka: anza na chasisi, injini baadaye

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ametuachia Land Rover 109 Series III, pikapu ya petroli. Ilikuwa ikibeba watu na mizigo ya shamba la mkonge. Imesimama hapa Pangani chini ya mwembe kwa zaidi ya miaka kumi na injini haizunguki kabisa. Fundi wa hapa anasema injini imekufa, nimpe hela anunue injini ya dizeli ya Toyota aifunge. Ndugu zangu wanataka iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mimi ningependa itembee tena. Nitajuaje kama inafaa?
Msomaji, Pangani

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee.

Usitoe hela ya injini kwanza. Injini ya 109 ni katika vitu rahisi kufufua kwenye gari hilo. Kinachoamua kama litarudi barabarani ni vyuma viwili ambavyo hukutajiwa: chasisi, na ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva.

Bodi ya Land Rover hudanganya macho. Gari hili lilipozinduliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilitolewa kwa mgawo, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Series III, iliyotoka kiwandani kuanzia 1971 hadi 1985, iliendelea hivyo hivyo. Ndiyo maana unaweza kukuta mabawa, yaani mabati yanayofunika magurudumu ya mbele, na ubavu vimenyooka, ukatamani kuliendesha kesho, kumbe vimekaa juu ya chasisi iliyokwisha. Chukua sumaku ndogo upite nayo kwenye bodi. Kwenye mabawa na ubavu isishike. Ikishika, mahali hapo pamewahi kuzibwa kwa bati la chuma. Na kwa kuwa uko pwani, angalia kwa makini kila mahali alumini inapokutana na chuma, yaani kwenye ribiti, boliti na kingo za chini za milango, ambayo fremu yake ni ya chuma. Chumvi ikiingia kati ya metali hizo mbili, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe. Ukiona unga huo sehemu moja moja, si tatizo kubwa. Ukiuona mstari mzima wa ribiti, hesabu kwamba bati hilo litabadilishwa.

Sasa ingia chini. Gari lipandishwe kwa jeki na likae juu ya magogo imara. Usilale kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Uwe na nyundo ndogo, bisibisi nene, tochi na brashi ya waya. Chasisi ya 109 imeungwa kwa bamba nne za chuma zenye unene wa takriban milimita mbili, zikafanya boksi lenye uwazi ndani. Tope na maji huingia kupitia matundu yake yakabaki humo, kwa hiyo kutu huanzia ndani ikija nje. Rangi nyeusi mpya juu yake haithibitishi chochote. Mimi nikiona chasisi kuukuu iliyopakwa rangi juzi, hapo ndipo ninapogonga zaidi.

Gonga polepole ukisikiliza. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Pakitoa sauti hiyo, sukuma bisibisi kwa nguvu. Ikizama, umepata jibu. Anza na boriti ya nyuma kabisa, ile inayofungwa kifaa cha kuvutia tela, kwa kuwa matairi huirushia tope miaka yote. Fuata mikono inayotoka pembeni kushika bodi chini ya milango, kisha juu ya tangi la petroli na juu ya ekseli ya nyuma. Maliza na sehemu zote springi zinapoungana na chasisi. Boriti ya nyuma na ile mikono vikiwa vimeoza usikate tamaa, vinakatwa na kuwekwa vipya, ni kazi ya kawaida kwa mchomeleaji mwenye uzoefu. Lakini sehemu za springi zikiwa zimeliwa, tena boriti mbili ndefu zina matundu pande kadhaa, usikubali viraka juu ya viraka. Hapo inahitajika chasisi nyingine, ama nzima kutoka gari lililovunjwa, ama mpya iliyochovywa kwenye zinki. Uingereza bado wanazitengeneza, ila ongeza gharama ya meli na ushuru kabla hujaota ndoto.

Kabla hujatoka chini, pima kwa utepe kutoka boliti ya springi ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vilingane. Vikitofautiana kwa sentimita nzima, gari limewahi kugongwa likapinda.

Ule ukuta nao ni wa chuma. Inua mikeka yote ukague sakafu za miguu, nguzo zinazoshika bawaba za milango, na pembe mbili za juu chini ya kioo cha mbele, ambako majani ya mwembe hukaa na unyevu. Sakafu za miguu hubadilishwa bila shida kubwa. Nguzo na pembe zikiisha, milango haitakaa sawa tena mpaka ukuta mzima utoke, na hiyo ni kuvua nusu ya gari.

Tuje kwenye injini. Kama ni ile ya silinda nne, ina ujazo wa 2,286 cc na kamshafti yake, shafti inayofungua vali, inaendeshwa kwa mnyororo, hakuna mkanda wa kukatika. Injini iliyokaa miaka kumi mara nyingi imegandwa tu na kutu kati ya ringi na silinda. Weka gia huru, mwaga petroli ya zamani mbali na moto, fungua plagi zote nne. Mimina kwenye kila silinda mchanganyiko kidogo wa dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki, acha wiki nzima, ongeza ikipungua. Kisha tumia hendeli ya mkono kupitia tundu la mbele, ukiitikisa kwenda na kurudi taratibu. Usikubali gari livutwe na lori likiwa kwenye gia ili injini iachie. Hivyo ndivyo konrodi, vyuma vinavyoshika pistoni, zinavyopinda. Ikikataa, fungua silinda hedi uone ndani kabla ya kutamka kwamba imekufa. Kagua pia oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Angalia na vile vifuniko vya duara ubavuni mwa bloku, maana magari yetu mengi yametiwa maji ya bomba matupu kwenye rejeta na vifuniko hivyo hutoboka.

Kuhusu injini ya Toyota, ushauri wangu ni hapana, angalau mpaka hiyo yako ithibitike kupasuka bloku. Itakulazimu kutengenezewa vishikio na kiunganishi cha giaboksi, giaboksi yenyewe haikuundwa kwa nguvu ya ziada, na namba ya injini haitalingana tena na kadi. Gari la mzee lina thamani zaidi likiwa na injini yake.

Breki usizikague hata kidogo, hesabu kwamba silinda ndogo zote za magurudumu, mipira na mabomba vinabadilishwa. Tangi likihitaji kuchomelewa, lisiguswe na moto kabla ya kuoshwa na kutolewa mvuke wote, kwa sababu tangi tupu hulipuka na kuua.

Na kabla ya shilingi ya kwanza, tafuta kadi ya gari. Namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma kinachoshika springi ya mbele upande wa kulia. Isafishe kwa brashi ya waya, usipitishe grainda, uilinganishe na kadi. Kama jina bado ni la marehemu, msimamizi wa mirathi ndiye atakayehamisha umiliki TRA, kwa hiyo kaeni kama familia mkubaliane sasa. Nimeona magari yaliyotengenezwa vizuri sana yakazuiwa na ugomvi wa ndugu.

Ukikuta chasisi na ukuta vyote vimekwisha, hata hivyo msiliuze kwa kilo. Giaboksi, difu ya nyuma, milango, mabati ya alumini, hata usukani, vyote vina wanunuzi miongoni mwa wenye 109 zinazotembea Arusha na Moshi. Kimoja kimoja vitawapa fedha nyingi kuliko mizani ya chuma chakavu.